Laptopu Iliyokataa Kusoma

Alhamisi jioni laptopu yangu ilikataa kusoma. Hilo neno si langu, ni Kiswahili cha mjini. Ukichomeka flashi na kompyuta isiione, watu wanasema "haisomi", kama vile ni mtoto wa darasa la tano aliyekatiwa tamaa na walimu wake. Wenzetu wa BAKITA wanataka tuiite kompyuta mpakato, kwa sababu unaipakata. Ya kwangu, siku ile, ilifika mahali nikatamani kuibwaga.

Nilikuwa kibarazani kwangu Kigamboni nikimalizia muhtasari wa kikao cha kikoba chetu. Mimi ndiye katibu, cheo nilichopewa kwa kosa la kuonekana na kalamu mfukoni. Kikao ni Jumapili, na kila mwanachama anataka karatasi yake mkononi hata kama haisomi (naye pia!), maana muhtasari wa kikoba ndio ushahidi wa nani anadaiwa na nani anajifanya amesahau. Kijana wa steshenari ya pale stendi ana msimamo mmoja: "Mzee, lete flashi." Nikachomeka flashi. Kimya. Halafu pembeni ya kioo kikachomoza kijisanduku cha Kiingereza, kikinilalamikia kwamba kifaa nilichochomeka kinataka umeme mwingi kuliko tundu linavyoweza kutoa.

Flashi! Kitu kidogo kuliko kidole gumba, chenye kitaa kimoja kama jicho la panya, kinashitakiwa kwa ulafi.

Mama watoto, aliyekuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Si umtumie huyo kijana kwa WhatsApp?" Binti yetu akachukua simu yake, akaupiga picha muhtasari moja kwa moja kutoka kwenye kioo, akautuma, na kufikia saa moja usiku karatasi za kikoba zilikuwa zimeshatoka, zimebanwa pini, zinanisubiri stendi. Mtu mwenye akili angeishia hapo, na safu hii ingekuwa ya aya nne. Lakini suala halikuwa muhtasari tena. Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na kitu kimeharibika, na watu wawili walikuwa wameshaanza kuishi kama vile mimi sipo.

Ieleweke kwamba mimi si mshamba wa mambo ya umeme. Nimekulia kwenye nyumba yenye redio ya betri nne kubwa, na betri zikianza kucheza, baba alikuwa anakunja ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, anaishindilia kwenye springi, na taarifa ya habari inaendelea ilipoishia. Sanaa hiyo nimeirithi. Tochi, rimoti, saa ya ukutani, hakuna kitu cha betri nyumbani kwangu ambacho hakijapita mikononi mwangu. Basi nikavua shati, nikavaa miwani, nikampakata mgonjwa.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa na kugeuza. Kwa hesabu flashi ina namna mbili tu za kuingia. Kwa uzoefu wangu zipo tatu, na ya tatu ni ile ya kwanza ukiwa umeshakasirika. Mhandisi mzaliwa wa India, Ajay Bhatt, aliyekuwa miongoni mwa vinara wa kubuni tundu hili la USB pale Intel, amewahi kueleza kwamba kero hiyo waliijua tangu mwanzo. Ila kichwa kinachoingia pande zote kingetaka nyaya maradufu na saketi maradufu, na gharama ingepaa, wakati wao walitaka kitu rahisi ili watengenezaji wakikubali. Wakabana matumizi. Namwelewa kabisa, mimi ni katibu wa kikoba. Lakini ningependa aje kibarazani kwangu siku moja saa mbili usiku, umeme umekatika, atafute mwenyewe upande wa juu wa flashi kwa kupapasa.

Zamani mambo yalikuwa na adabu. Kompyuta niliyojifunzia, ile yenye kichwa kama friji, ilikuwa na milango mgongoni kama nyumba ya Kiswahili: mlango wa wageni na mlango wa uani, na kila mtu anajua anapopita. Kibodi ilikuwa na tundu la zambarau, kipanya tundu la kijani. Kioo kilikuwa na pini 15, tundu la buluu. Printa ilipita kwenye lango pana la pini 25 lenye skrubu mbili pembeni, ukishaikaza haichomoki hata nyumba ihame. Kibodi haikuthubutu kuingia mlango wa kipanya, na mlango mmoja ukifa, unaumwa huo huo peke yake.

Ndipo mwaka 1996 ukaja ujumbe mwema: tundu moja kwa vyote. Hata herufi ya kwanza ya jina USB maana yake ni hiyo, kwamba kitu ni cha wote. Tukafurahi. Leo nyumbani kwangu kuna kapu la ukindu, lililosukwa kwa ajili ya kubebea vitu vya heshima, limejaa nyaya za hicho kitu cha wote. Kuna ya printa, yenye kichwa cha mraba. Kuna ya kamera ya harusi yetu, ambayo haiingii popote pengine duniani. Kuna bapa za simu za zamani, zile ukichomeka kwa papara mara mbili unaua tundu. Na kuna hii ya mwaka 2014, ya duara-duara, yenye pini 24 ndani ya mdomo mdogo kama wa kasuku. Ulaya waliona haiwezekani, wakatunga sheria: simu mpya zinazouzwa kule, kuanzia mwisho wa mwaka 2024, ziwe na tundu hilo la pini 24, laptopu zikipewa nafasi hadi Aprili 2026. Sisi hatuna haja ya sheria. Sisi tuna kapu.

Binti yangu ana laptopu ya kisasa yenye tundu hilo tu. Chaji inapita hapo, picha ya kwenda kwenye tivii inapita hapo, flashi inapita hapo kwa kutumia kidude cha kuazima. Ni nyumba yenye mlango mmoja: wageni, ndoo za maji, harusi na jeneza, vyote hapo hapo. Siku bawaba zikilegea, sijui familia itatokea wapi. Nilimwambia. Akaniuliza kama nimemaliza kutengeneza ya kwangu.

Ya kwangu ina matundu matatu, imetumika Ulaya kabla ya kuja kutumika na mimi. Kulia kuna moja jeusi, kushoto kuna mawili, moja jeusi na moja la buluu. Buluu kwa kawaida ni lile la kasi. Nikajaribu jeusi la kulia: halisomi. Buluu: halisomi. La tatu, lile jeusi la nyuma karibu na tundu la chaji, sikulijaribu, kwa sababu tangu nilipoachana na modemu yangu ya zamani sikuwa na shughuli nalo. Nikabadilisha flashi. Nikachomeka kipanya: kimekufa. Nikachomeka simu: haichaji. Hapo angalau nilikuwa nimejua jambo moja la maana, kwamba mgonjwa si flashi. Ni jambo ambalo kila mtu anapaswa kulijua kabla hajaifomati flashi yenye picha za ubarikio wa mtoto. Mimi nililijua dakika kumi baada ya kuifomati kwenye laptopu ya binti yangu.

Nikapuliza. Najua hairuhusiwi. Pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu ukikutana na pini za shaba unazaa kutu ya kijani. Lakini kuna mkono gani wa Kiafrika ulioshika kitu kisichofanya kazi na mdomo usipulize? Waganga wamekula kwa kupuliza miaka yote.

Ijumaa asubuhi alikuja kijana wa jirani, aliyesoma kompyuta miezi sita, akaitazama kwa huruma. "Shikamoo mzee. Hii inataka kupigwa window."

Nilitegemea. Kupiga window ni panado ya kompyuta. Ikiwa nzito, piga window. Ikipiga kelele, piga window. Nina hakika ukimpelekea fundi wa mtaani laptopu iliyokanyagwa na daladala, ataiinua juu, aitikise, akwambie shusha elfu ishirini upigiwe window. Maana ya maneno hayo ni kwamba kila ulichoweka tangu uinunue kitafutwa, pamoja na mihtasari ya kikoba ya miaka saba, na kuna wanachama wetu wangelipia sherehe kwa furaha hiyo. Nikakataa.

Kwa kunituliza akafungua ile orodha ya vifaa ambayo Windows huificha kama mirathi. Kweli, pale penye mambo ya USB palikuwa na vipembetatu vya njano vyenye alama ya mshangao. "Tunavifuta vyote, tunazima, tunawasha, vinajirudisha vyenyewe." Tukafuta. Tukazima. Tukawasha. Vikajirudisha vyenyewe, kama alivyoahidi, na ugonjwa wao vikarudi nao.

Mchana nikaijaribu tiba ambayo naipa heshima yake, maana ina akili. Unazima kabisa, unachomoa chaji, na kama betri inatoka unaitoa, halafu unabonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa nusu dakika. Umeme uliobaki umejificha ndani ya saketi unakwisha, na vile vilinzi vinavyofunga matundu kwa hofu ya kuungua vinasahau vilichokiogopa. Nikahesabu hadi thelathini kwa sauti, macho nimefumba, kama mtoto anayesubiri wenzake wajifiche kwenye kombolela. Nikaiwasha, nikachomeka flashi.

Ikasoma!

Nikaita nyumba nzima. Mama watoto akafuta mikono, akaja, akasimama. Nikainua laptopu kumwonyesha. Nilipoinua, kijisanduku kile kikachomoza tena, flashi inataka umeme mwingi, na kitaa kikazimika. "Ilikuwa inasoma," nikamwambia. "Bila shaka," akasema, kwa sauti ile anayotumia kwa watu wa kikoba wanaosema hela walituma jana. Kisha akaongeza jambo ambalo naliandika hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu: "Baba watoto, vitu unavyovitengeneza wewe vinakufa mara mbili."

Uchungu huo ndio ulionipeleka duka la dawa kununua spiriti. Kigamboni tunakaa na bahari, na upepo wa bahari una chumvi. Bati jipya huku linazeeka kabla ya deni lake. Sikuona kwa nini matundu ya laptopu yasalimike. Nikaizima, nikachukua mswaki wa zamani, nikalowesha kidogo, nikasugua tundu la kulia na lile la buluu. Vikatoka vumbi, kipande cha kitu kilichokuwa biskuti, na sisimizi watatu waliokuwa wamekwenda kuifuata. Biskuti ilinikumbusha mwanangu wa darasa la pili. Huyu ana rekodi. Akiwa na miaka mitatu aliilisha deki ya DVD kipande cha chapati. Nikamwita, nikamuuliza ameingiza nini kwenye kompyuta ya baba. Akasema hajaingiza kitu. Nikamwambia nitajua tu, na kuanzia siku hiyo marufuku kuigusa.

Tundu la tatu sikulisugua. Mgongo ulikuwa unauma, na nimeshasema, silitumii.

Jumamosi nikaifunga kwenye kanga, nikaenda Kariakoo. Ningeweza kupita darajani, lakini mimi ni mtu wa pantoni. Ukifika katikati ya mkondo, upande mmoja unaziona winchi za bandari, na upande wa nje meli zimetia nanga zikingoja zamu. Kiingereza kina neno moja kwa bandari na kwa tundu la kompyuta, na siku ile niliona kwa nini. Meli ina mzigo, gati lipo, nyaraka ziko sawa, na bado kuna kitu kimoja mahali fulani, hakuna anayekijua, kinafanya wote wakae juani.

Fundi wangu yuko Mtaa wa Aggrey, juu ya ngazi, mwisho wa ukumbi wenye mafundi wengi kama kinyozi na vioo. Kijana, hana hata ndevu. "Karibu mkuu, tatizo?" Nikamweleza kila kitu, tangu Alhamisi, pamoja na WhatsApp na kombolela. Akasikiliza kwa adabu, akaiwasha, akachukua flashi yake, akachomeka.

Ikasoma.

Akachomeka upande wa pili. Ikasoma. Akanitazama. Mzazi yeyote anaijua aibu ile: mtoto usiku kucha ana homa ya kuunguza, unafika naye hospitali alfajiri, anakimbia koridoni anacheza na panzi. "Mkuu, mbona iko poa?"

"Iinue," nikasema. Akaiinua, akailaza upande, akaigonga mgongoni kwa vidole viwili, taratibu, kama anayebisha hodi. Ikafa. Nilipata furaha ambayo si nzuri kuitangaza.

"Ahaa. Kuna kitu kinacheza ndani." Akaizima, akavaa kitochi kichwani, akachungulia tundu moja, la pili, na la tatu. Pale kwenye la tatu akanyamaza. Akachukua kibano chenye ncha kama ya mwiba, akakiingiza pole pole, akavuta.

Akatoa kikaratasi cha kung'aa, kimekunjwa.

Akanieleza, na ninaeleza kama nilivyoelewa. Matundu ya namna hii yanatoa volti 5. Jeusi la zamani kwa kawaida linaruhusiwa nusu ampea, la buluu ampea 0.9. Ndani ya tundu, pini inayoleta umeme na ganda la chuma vimepishana kwa nafasi ndogo sana. Karatasi ya kung'aa ni bati jembamba; ikiegemea vyote viwili, umeme unapita njia ya mkato, mwingi, bila kazi. Kilinzi kikiona hivyo kinafunga. Na kwenye laptopu yangu matundu yote matatu yanalindwa na mlinzi mmoja, kwa hiyo tundu nisilolitumia lilikuwa linayafunga yale ninayoyatumia. Laptopu ikitulia, karatasi inatulia. Ikiinuliwa, inaegemea. "Una bahati, mkuu. Ingekuwa mashine isiyo na kilinzi kizuri, tungekuwa tunaongea habari ya bodi nzima."

Kisha akauliza swali ambalo halikuwa la lazima kitaalamu. "Nani aliweka hii?"

Nikaitazama. Mikunjo minne, ncha zimebanwa kwa ukucha. Na hapo nikaikumbuka modemu yangu: jinsi ilivyoanza kulegea kwenye tundu lile, intaneti ikawa inakatika kila nikipiga chafya, na alasiri moja yenye utulivu nilipotafuta kitu cha kuibana ikae imara. Ilikaa imara mwaka mzima. Ilikuwa kazi safi sana.

"Watoto," nikasema.

Fundi akaigeuza kwenye mwanga. "Ila amekunja vizuri, huyu mtoto."

Akataka elfu kumi na tano, nikampa elfu kumi na mbili na soda. Kikaratasi akakitia kwenye kifuko cha nailoni, akanikabidhi pamoja na laptopu. "Kamwonyeshe, asirudie."

Nilirudi jioni, nikaiweka laptopu mezani, nikachomeka flashi mbele ya kadamnasi. Ikasoma, nikaiinua, ikaendelea kusoma. Nikakitoa kifuko, nikaeleza habari ya pini na ganda na mlinzi mmoja, nikamalizia kwa kumtazama mwanangu wa darasa la pili kama baba anayetazama. Mtoto akaanza kulia kwamba siyo yeye.

Mama watoto hakusema kitu. Alichukua rimoti ya tivii, akaufungua mgongo wake, akatoa kikaratasi cha kung'aa kilichokunjwa mara nne, ncha zimebanwa kwa ukucha, akakiweka mezani kando ya kile cha fundi.

Mwanangu ameruhusiwa tena kuigusa ile kompyuta. Mimi bado.